Sindano ya Dorkasi na Mikono Yenye Maumivu

Someni Matendo ya Mitume 9:36–42

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za kitu kidogo sana, kitu ambacho kikianguka mkekani hutafutwa kwa kupapasa: sindano. Tena twataka kunena habari za mikono iishikayo sindano hiyo hali inauma. Labda mtu atasema, Je, mchungaji hana neno kubwa kuliko hili? Mtu huyo na amfuate Petro kwanza mpaka Yafa, ndipo aseme.

Katika mji wa Yafa, ulioko pwani, alikuwako mwanamke mwanafunzi wa Bwana, jina lake Tabitha, na kwa Kiyunani Dorkasi, maana yake paa. Mwanamke huyu akaugua, akafa. Wakristo wenzake walisikia ya kuwa Petro yuko Lida, mji usio mbali, wakatuma watu wawili kumwita. Alipofika wakampandisha orofani alikolazwa maiti. Sasa angalieni walivyofanya wajane. Hawakumweleza Petro ukoo wa marehemu, wala hawakumhesabia mali yake. Walilia, wakamwonyesha nguo. Kila mmoja alikuwa na kitu kilichopita katika vidole vya Dorkasi. Luka, aliyetuandikia habari hizi, hakuandika hata neno moja alilolinena mama yule. Aliandika mishono yake. Kisha Petro akawatoa wote, akapiga magoti, akaomba, na Mungu akamrudisha Dorkasi katika nchi ya walio hai.

Habari hizi twazijua tangu utoto, nasi tumezihubiri mara nyingi katika siku za akina mama. Lakini liko jambo moja ambalo hatukupata kuliuliza. Ikiwa Dorkasi alirudi kuishi, basi aliendelea pia kuzeeka. Na ikiwa alizeeka, je, vidole vyake vilikuwaje? Maandiko hayasemi, wala sisi hatutaongeza neno. Lakini Mungu alitufundisha kuuliza hivyo kwa njia ya mama mmoja wa usharika wetu.

Mama huyu hatutamtaja jina, maana yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Nyumba yake iko kando ya njia itokayo Korogwe kwenda Handeni. Tangu usichana wake amependa kushona kuliko kazi zote. Anayo cherehani ya mkono, ile izungushwayo gurudumu lake kwa mkono wa kuume, naye amewashonea watoto wa jirani sare za shule, na kanga alizozipindia hazina hesabu. Lakini furaha yake hasa ilikuwa kutarizi. Kazi ya shamba ikikoma na jua likipungua, hukaa barazani na kitambaa chake, akatia maua na ndege na misalaba. Vitambaa vya madhabahu yetu, cha zambarau cha Majilio na Kwaresima, cheupe cha Krismasi na Pasaka, chekundu cha Pentekoste, na cha kijani cha majira marefu baada ya Utatu, vyote vinne vilitoka mikononi mwake.

Ndipo ugonjwa ukaja. Mwanzo wake ulikuwa asubuhi. Aliamka vidole vimekakamaa kana kwamba vimefungwa kamba, asiweze kushika kikombe cha uji. Jua likipanda vililegea kidogo. Baada ya miezi vifundo vikavimba, mkono wa kuume na wa kushoto pamoja, vikawa na moto; kisha vidole vikaanza kupinda. Kutia uzi katika tundu la sindano, kazi aliyoifanya zamani bila kutazama, ikawa kazi ya robo saa.

Hapo ndipo tulipokosa sisi, na kosa hili twaliungama mbele yenu. Kitambaa chekundu kilikuwa kimechakaa, tukahitaji kipya. Tulikaa na wazee wa usharika, tukasema, Mama amechoka, na tumpumzishe. Kazi ile tukampa fundi mmoja wa mjini. Mwenyewe hatukumwuliza. Jumapili iliyofuata tukatangaza neno hilo ibadani, tukamshukuru mama kwa utumishi wake wa zamani, na watu wote wakafurahi. Yeye aliinamisha kichwa. Jumapili mbili baadaye hakuonekana kanisani.

Tulipokwenda kumtazama, tulimkuta barazani, mikono mitupu juu ya magoti. Tukamwamkia, Shikamoo mama. Akaitikia, Marahaba, mwanangu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Mchungaji, nikishona mikono huuma. Nisiposhona huuma vilevile, na moyo nao huuma. Sasa mmenipumzisha na nini?”

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Tulisali naye, tukaondoka, na swali lile likatufuata njiani mpaka nyumbani, na siku nyingi baadaye. Tuliyojifunza kwa swali hilo ndiyo tunayowaandikia sasa.

Jambo la kwanza: maumivu haya si laana. Mama alipougua, watu walinong’ona kando ya njia. Wengine walisema, Amefungwa vidole na mwenye wivu, na apelekwe kwa mganga. Wengine, nao ni Wakristo, walisema, Huenda iko dhambi aliyoificha. Haya yote mawili ni mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana hakukubali shauri hilo wala lile. Basi mtumishi asiweke mdomoni mwa Bwana neno alilolikataa Bwana mwenyewe.

Tena waganga wa hospitali wamechunguza sana magonjwa ya viungo, nasi twapaswa kujua waliyoyaona. Magonjwa hayo ni mengi, lakini mawili hutukuta hasa. La kwanza ni kuchakaa kwa gegedu, yaani ile nyama ngumu yenye utelezi ifunikayo ncha za mifupa ili isisagane. Huwapata hasa watu wa makamo na wazee, katika magoti na nyonga na vidole. La pili ndilo baridi yabisi. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hupotea njia, ikapigana na utando wa ndani wa viungo vyenyewe, ikavivimbisha na mwisho kuviharibu. Wanawake hupatwa mara mbili hata mara tatu kuliko wanaume. Jina lake lataja baridi, lakini haukuletwa na baridi, wala na umande wa shamba, wala na mkono wa jirani, wala na sindano. Dawa ya kuung’oa kabisa haijapatikana. Lakini zipo dawa za kuuzuia usile viungo, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema.

Kwa hiyo, mtu akiona vifundo vyake vimevimba, na kila asubuhi vyakakamaa kwa nusu saa au zaidi, na hali hiyo yadumu majuma kadhaa, asikae akingoja. Na aende hospitali, ya Magunga hapa Korogwe, au ya Handeni, au ile yetu ya Bumbuli kule milimani. Na wakiona lazima watampeleka Bombo kule Tanga au KCMC kule Moshi. Wala asinunue dukani vidonge vya kutuliza maumivu na kuvimeza kila siku pasipo shauri la daktari, maana vingine huumiza tumbo na figo vikitumiwa hivyo. Kwenda hospitali si upungufu wa imani. Yeye Luka, aliyetuandikia habari za Dorkasi, Paulo amtaja kuwa tabibu alipowaandikia Wakolosai.

Jambo la pili: thamani ya mtu haitoki katika kazi ya mikono yake. Mama yule alikuwa na hofu nyingine, akatuambia siku ya pili tulipomwendea. Aliuliza kama Mungu hatamhesabu kuwa mtumishi mvivu, aliyefukia talanta yake. Hofu hii wanayo wengi ambao nguvu zao zimepungua: mkulima asiyeweza tena jembe, mzee aliyekata mkonge ujana wake wote na sasa hawezi kukunja mgongo, bibi aliyesuka mikeka na sasa ukili wamkata vidole. Husema moyoni, Zamani nilikuwa mtu.

Ninyi mliosoma Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, aliyoitoa mwaka 1529, kumbukeni anavyoeleza sehemu ya kwanza ya Imani. Afundisha ya kuwa Mungu ametuumba na kutupa mwili na roho na viungo vyote, kwa wema wake tu, pasipo sisi kustahili. Basi vidole ni zawadi, si mshahara. Zawadi ikipungua, aliyepewa hakupungua machoni pa Mpaji. Naye Luther hakuyasema hayo kama mtu asiyejua mwili unaouma. Miaka mingi aliteswa na vijiwe, hata mwaka 1537 huko Schmalkalden alikaribia kufa. Alipopata nafuu alirudi kwenye kazi yake, akaifanya mpaka kufa kwake mwaka 1546. Lakini hakufundisha kamwe ya kuwa maumivu yake au kazi yake ilimnunulia mbingu.

Mtazameni tena Dorkasi. Alipoitwa na Petro, mikono yake ilikuwa haiwezi kazi yo yote, maana alikuwa maiti. Nguo walizozionyesha wajane zilishuhudia upendo wake. Hazikuwa deni ambalo Mungu alipaswa kulilipa. Alirudishiwa uhai kwa neema, mikono mitupu. Sisi nasi tutafufuliwa hivyo hivyo, fundi na asiyejua kushika sindano.

Jambo la tatu latoka katika hilo la pili. Ikiwa kazi si bei ya wokovu, basi imekuwa furaha na huduma kwa jirani. Na furaha ya mtu hatuna ruhusa ya kumnyang’anya, hata kwa jina la huruma. Iko huruma itoayo na iko huruma inyang’anyayo. Ya pili huja na maneno matamu, humkalisha mgonjwa kitini, ikamwondolea kila kitu alichokuwa nacho, kisha ikaenda zake ikiwa na dhamiri safi. Hiyo ndiyo tuliyompa mama.

Jambo hili lilitupasa kulijua sisi Walutheri wa pande hizi kuliko wengine, maana limo katika chanzo chetu. Wamishenari waliofika Mlalo katika milima ya Usambara mwaka 1891 walitumwa na shirika ambalo baadaye lilikuwa na makao yake Bethel, karibu na mji wa Bielefeld katika Ujerumani. Bethel ni mahali pa wagonjwa, hasa wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliuongoza mji huo wa huruma tangu mwaka 1872 hata alipofariki mwaka 1910. Yeye hakuwaweka wagonjwa wale wakae kutazama ukuta. Aliwapa kazi, kila mtu kwa kadiri ya nguvu zake, kwa sababu aliona ya kuwa mgonjwa naye ni mtu ambaye wengine wamhitaji. Na hapa kwetu, kule Lutindi juu ya Korogwe, ilijengwa mwaka 1896 nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa, ambayo baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko nako kazi ya mikono imehesabiwa kuwa sehemu ya uponyaji. Tulipita chini ya milima ile mara nyingi, wala hatukukumbuka fundisho lake tulipokaa na wazee kumpumzisha mama.

Liko na fundisho la mbali. Katika nchi ya Marekani alikuwako mama mmoja, mke wa mkulima, jina lake Anna Mary Robertson Moses, aliyezaliwa mwaka 1860. Katika uzee wake alipenda sana kutarizi picha kwa nyuzi za sufu. Ugonjwa wa viungo ukamzuia, sindano ikawa mateso mkononi mwake. Ndipo dada yake akamshauri ashike brashi ya rangi badala ya sindano, maana ni rahisi zaidi kuishika. Akachora picha nyingi, na mwaka 1940, akiwa na miaka 80, zikaonyeshwa kwa watu katika mji wa New York. Alifariki mwaka 1961, akiwa na miaka 101. Hatuwaelezi haya ili kila mwenye maumivu atumaini kusifiwa mijini. Twataka mmwangalie yule dada. Hakusema, Pumzika, umeshazeeka. Alitafuta kile ambacho mikono ile ingeweza bado kukishika.

Jambo la nne: upendo wa kazi wahitaji hekima. Mwili ni hekalu la Roho, na anayeupiga mpaka uvunjike hamtukuzi Mungu kwa hilo. Basi haya ndiyo tuliyojifunza kwa mama mwenyewe na kwa wauguzi waliomtunza. Asubuhi viungo vikiwa vimekakamaa asiguse sindano. Na atie mikono katika maji ya moto kiasi, yasiyounguza, avikunje na kuvikunjua vidole polepole, ndipo aanze jua likiwa limepanda. Ashone kwa kipimo: mama hupima kazi yake kwa uzi. Uzi mmoja ukiisha, sindano huwekwa chini, mikono hupumzika, ndipo uzi wa pili hutungwa. Zamani angeshona nyuzi kumi bila kuinua uso. Sasa ni mmoja, na pumziko, na mwingine.

Tena asibane sana. Sindano nene yenye tundu kubwa huumiza vidole pungufu kuliko nyembamba. Mishikio ya mkasi na izungushiwe kitambaa laini ili iwe minene. Kitambaa kinachotariziwa na kikazwe katika duara la mti, na duara lile lifungwe mezani, ili mkono wa kushoto usishike kazi muda wote. Viwiko na viegemee. Marekani nzito na nguo ngumu aachiwe mwingine mwenye nguvu, yeye achague kitambaa laini. Kiungo kikiwa chekundu na cha moto na kimevimba, siku hiyo ni siku ya kupumzika. Na ikiwa baada ya kushona maumivu yamezidi kuliko kawaida kwa muda wa saa mbili au zaidi, hiyo ni alama ya kuwa kazi ilipita kipimo. Kesho na apunguze. Bwana aliyetupa siku ya Sabato hakuona haya kutuamuru kupumzika. Sindano iliyowekwa chini kwa saa moja haikutupwa.

Twajua ya kuwa wengine watauliza habari za mwiba wa Paulo. Ni kweli, alikuwa na mwiba mwilini, akamsihi Bwana mara tatu auondoe, wala haukuondolewa. Alipewa neema ya kuishi nao. Lakini tusiyasome maneno hayo kana kwamba Paulo aliupenda mwiba. Aliomba mara tatu uondoke. Ye yote anayemwambia mgonjwa, Furahi kwa kuwa unaumwa, na akumbuke maombi yale matatu. Tena kumbukeni ya kuwa waraka kwa Warumi, ulio mkuu katika nyaraka zake, Paulo hakuuandika kwa vidole vyake mwenyewe. Aliuandika Tertio, naye ajitaja katika sura ya 16. Paulo alitoa maneno, Tertio alitoa mkono, na Kanisa lote likapata waraka. Basi si aibu kutumia mkono wa mwingine.

Hapo twafika kwenye jambo la mwisho, nalo latuhusu sisi tulio wazima. Katika Kutoka sura ya 17 Israeli walipigana na Amaleki, na Musa alisimama juu ya kilima akiinua mikono yake. Mikono ikiwa juu, Israeli walishinda, ikishuka, walishindwa. Na mikono ya Musa ikawa mizito. Haruni na Huri walikuwa pamoja naye. Hawakumwambia, Mzee, umechoka, shuka kilimani, sisi tutasimama mahali pako. Walileta jiwe wakamkalisha, kisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hata jua likachwa. Mikono ilibaki kuwa ya Musa. Uzito wake ndio uliogawanywa.

Wapendwa, hilo ndilo tulilopaswa kufanya tangu mwanzo. Mgonjwa akielemewa na kazi aipendayo, tusimwondolee kazi. Tumwondolee uzito unaoizunguka. Nani atamtungia uzi? Nani atamchotea maji na kumkatia kuni, ili nguvu kidogo ya vidole vyake isiishie jikoni? Nani atamzungushia gurudumu la cherehani? Nani atapanda naye gari siku ya hospitali, na kungoja naye? Mnaujua mkonge, ulioletwa katika nchi hii mwaka 1893 na kuenea katika mashamba yetu ya Korogwe. Uzi wake mmoja mtoto aweza kuukata. Zikisokotwa nyingi huvuta gari. Usharika nao ni kamba ya namna hiyo.

Basi tulirudi kwa mama, tukamwomba radhi. Tulimwomba radhi nyumbani kwake, kisha tukasema mbele ya usharika kama tulivyotangaza mbele ya usharika. Fundi wa mjini alikuwa amekwisha kukata kitambaa chekundu na kukipindia. Naye, tulipomweleza, alikileta kwa moyo mwema, akasema msalaba na moto wa Pentekoste na vitiwe na mama mwenyewe. Wasichana wawili wa darasa la Kipaimara wakapewa zamu ya kumtembelea baada ya shule. Walimtungia nyuzi nyingi katika sindano nyingi, wakazichomeka katika kitambaa kwa safu, tayari kwa kesho yake. Walizungusha gurudumu. Naye akawafundisha mshono wa mnyororo, na kuwafumulia walipokosea, kama alivyofumuliwa yeye zamani.

Pentekoste ilifika kitambaa hakijaisha. Tulitandika kile cha zamani kilichochakaa, tukahubiri, tukala Meza ya Bwana, wala ibada haikupungukiwa na kitu. Kitambaa kipya kilitandikwa mwaka uliofuata. Atakayekitazama kwa karibu ataona mishono mingine imenyooka na mingine imeyumba, nasi hatujui ipi ni ya mama na ipi ni ya watoto, wala hatukuuliza.

Hatutaki kuwadanganya ya kuwa mama amepona. Vidole vilivyopinda havikunyooka. Dawa za hospitali zimepunguza uvimbe, na asubuhi zake si nzito kama zamani. Lakini ziko siku ambazo hawezi kushika hata sindano moja. Siku hizo hukaa barazani, naye huwatazama wasichana wakishona, akiwaelekeza kwa maneno. Tulimwuliza, Mama, siku hizo moyo wakoje? Akajibu, “Siku hizo ni uzi umekatika, mwanangu. Hutungwa mwingine.”

Enyi walimu na wainjilisti wa mitaa, neno hili twaliweka mikononi mwenu. Mkiwatembelea walio na maumivu ya siku nyingi, msiende na shauri mlilokwisha kukata barabarani. Ulizeni kwanza: Wapenda kufanya nini? Ni kipi kikuzuiacho? Tushike upande gani? Msiwaandike katika daftari kuwa wasiojiweza, kabla ya kujua wanaweza nini. Wakisema leo hawawezi, wasadikini. Wakisema leo wanaweza kidogo, wasadikini vilevile, na hicho kidogo kipokeeni kwa heshima. Nanyi wenyewe mnaoumwa, mliojificha ndani kwa kuona haya mikono yenu, njoni kanisani nayo. Bwana aliyewaonyesha wanafunzi wake alama za mikononi mwake baada ya kufufuka hataionea haya mikono yenu.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeuponya mkono uliopooza ukanyoka, uwaangalie wote wanaoamka leo na maumivu katika viungo vyao. Wape dawa ifaayo na watunzaji wenye upole. Waondolee hofu ya kuwa wamekuwa bure mbele zako. Utusamehe sisi tuliowanyang’anya kazi yao kwa jina la huruma, utufanye kuwa Haruni na Huri kwao. Ibariki kazi ndogo, iliyofanywa kwa uzi mmoja kisha mwingine, mpaka siku ile utakapotuvika sote vazi ambalo hatukulishona sisi. Amina.